Namna ya Kutafuta Neno Usiloruhusiwa Kulijua

Vijana wa steshenari, mlioko Masasi, Newala na kila pahali ambapo mtu ameweka printa juu ya meza na kuandika mlangoni "tunachapa", nimeona niwaandikie kabla sijahama tena. Mke wangu anasema safari hii sihami. Nimemsikia.

Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta. Sikusomea. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata matokeo ambayo hayana haja ya kujadiliwa hapa, nikaingia kwenye kazi kama mbuzi aingiavyo shamba la muhogo, pale palipokuwa na upenyo. Nimeifanya Masasi, nikahamia Newala, nikarudi Masasi, nikaenda Nachingwea, nikaona Newala pananiita, nikapanda tena mlima. Kila nilipofika nilikumbuka nilikotoka. Sasa nina miaka arobaini na kitu, macho yamechoka na skrini, na nimestaafu. Hakuna aliyenistaafisha. Niliamka asubuhi moja hapa Chiungutwa, nikaitazama mikorosho yangu, nikaona haina nyaya. Nikakaa.

Aliyenifundisha ni Mzee Chilumba, aliyekuwa na kibanda karibu na stendi ya Masasi. Alikuwa anapuliza vumbi ndani ya kompyuta kwa pampu ya baiskeli. Nyinyi mna mashine maalumu za kupulizia, sawa, lakini pampu ya baiskeli haihitaji umeme, na ukimaliza unajaza tairi unakwenda nyumbani. Siku yangu ya kwanza nilifungua kompyuta nikakuta mjusi amekauka kwenye kile kisanduku cha kuingizia umeme. Nikamwita Mzee Chilumba kwa haraka. Akaja, akamtazama mjusi, akasema, "Huyo ndiye fundi aliyepita. Hakuchomoa waya."

Tangu hapo nachomoa waya.

Mzee Chilumba hakupenda maneno mengi, lakini alikuwa na jambo moja alilolirudia mpaka wateja wakalijua. Mtu akija akasema, "Nina faili limepotea, nimetafuta kwenye kompyuta halipo," yeye hakutafuta faili. Alisema, "Kwanza tumkague mtafutaji." Maana yake ni kile kisanduku cha kutafutia, kile unachoandika neno halafu kompyuta inakuletea mafaili yenye neno hilo. Watu wanakiamini kile kisanduku kama wanavyomwamini mpiga ramli. Kikisema hakuna, wanalia. Mzee alisema kisanduku ni kibarua tu, na kibarua lazima ujue ametumwa wapi, amefika wapi, na wapi ameona jua kali akarudi.

Nilimwelewa vizuri kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Lisekese. Alikuwa na maandishi yake kuhusu kilimo cha mbaazi, kazi ya miaka mingi, na kompyuta yake ikawa inamwambia kwamba hakuna faili lolote lenye neno "mbaazi". Alikuja kwetu amevaa kama anayekwenda msibani. Mzee Chilumba akafungua mafaili. Mbaazi zilikuwa tele, kila ukurasa. Lakini kurasa zenyewe zilikuwa zimepigwa picha kwa skana. Kwa jicho la mtu ni maneno. Kwa kompyuta ni picha ya karatasi yenye alama nyeusi, hakuna tofauti na picha ya ukuta.

"Mwalimu," Mzee Chilumba akamwambia, "picha ya ugali haishibishi."

"Sasa nifanyeje?"

"Uchape upya."

Mwalimu akasema afadhali angekuwa amekufa mtu. Lakini alichapa.

Haya, hayo ni ya Masasi. Ninayotaka kuwaambia hasa yalinikuta Newala, na nayaandika kwa sababu nasikia siku hizi mtu akiambiwa na kompyuta "hakuna kilichopatikana" anamrudishia mteja mashine na kusema, "Pole mama, imeondoka." Haijaondoka. Kaa chini.

Baba Rehema alinipigia simu nikiwa Masasi. Huyu Baba Rehema alikuwa na steshenari Newala, jirani na soko. Aliinunua kutoka kwa Halima, binti aliyechapa pale miaka kadhaa mpaka akaolewa akahamia upande wa Tunduru. Alinunua kila kitu kwa pamoja: meza, printa, feni, kompyuta na vyote vilivyokuwa ndani ya kompyuta.

"Fundi, njoo. Mashine yangu haioni."

"Haioni nini?"

"Ningejua, ningekuita wewe?"

Nikapanda pikipiki. Ilikuwa ule wakati baada ya mavuno, Newala asubuhi baridi inakushika masikio na watu wanavaa makoti ya mitumba yenye manyoya. Ndio msimu wa unyago pia. Ukipita vijijini unasikia ngoma, unajua kuna wasichana wamewekwa ndani, wanafundwa, na siku ikifika watatolewa kwa shangwe. Sisi huku tunawaita wali, na anayewafunda ni kungwi. Wanaume hatuingii huko wala hatuulizi, kama wao wasivyouliza ya jando.

Kwenye benchi la steshenari alikuwa amekaa mama mmoja, amejifunga khanga mbili na sweta ya mtoto wa shule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Mbona kijana?"

Nilikuwa na mvi tayari.

Huyo alikuwa Mama Zuhura wa Mkunya. Mama yake, Bibi Asumini, alikuwa ndiye kungwi wa huko tangu Mama Zuhura mwenyewe hajazaliwa, na yeye aliupokea ukungwi kwa mama yake. Mwanzo wa mvua za mwaka ule, kiharusi kilimpiga. Alipona, anakaa, anakula, anatambua watu, lakini maneno yalimwondoka yote isipokuwa moja.

"Amebaki na 'haya'," Mama Zuhura akasema. "Ukimuuliza umekula, haya. Ukimuuliza unaumwa wapi, haya. Jana mbuzi ameingia jikoni anakula unga, yeye anamtazama, haya."

"Na nyimbo?"

"Nyimbo ndizo zimenileta."

Mambo yalikuwa hivi. Bibi Asumini, miaka michache kabla ya kuumwa, alianza kuona kumbukumbu zinamkimbia. Akaja kwa Halima, ambaye Bibi mwenyewe ndiye aliyemcheza unyago, yaani aliyemfunda, akakaa naye steshenari mchana mmoja mlango umefungwa, akamtajia nyimbo zote za kungwi, Halima akazichapa. Karatasi Bibi alizikataa. Alisema karatasi huokotwa na watoto wa shule. Zikae ndani ya mashine, ndiko kwenye usalama, kwa sababu hakuna anayeielewa mashine.

Baba Rehema aliposikia hapo aliinamisha kichwa.

"Lakini mama," nikasema, "wewe umekuwa naye miaka yote. Na wale wanawake wengine. Hamzijui nyimbo?"

"Tunajua kuitikia. Kuanzisha ni kazi ya kungwi. Nimeitikia tangu nikiwa msichana, na mwitikiaji hakariri, fundi. Mwitikiaji anasubiri."

Sasa wali walikuwa wameshaingia ndani, siku ya kuwatoa imeshatangazwa, na ukoo umemweka Mama Zuhura asimame badala ya mama yake. Asipoweza, wangemleta kungwi wa kijiji kingine, na yule angekuja na nyimbo zake. Mkoba wa ukungwi ukishatoka nyumba moja haurudi. Nyimbo za Bibi Asumini zingekwisha pale pale, yeye mwenyewe akiwa hai, anatazama, anasema haya.

Halima walikuwa wamempigia. Hapatikani. Yuko shamba, mtandao unapatikana kwa kupanda kilima. Walimwachia ujumbe kwa shemeji yake.

Nikakaa kwenye kiti. Nikachomoa waya, nikapuliza vumbi, nikachomeka. Halafu nikasema lile ambalo kila fundi angesema.

"Haya mama, nitajie neno moja tu lililomo kwenye nyimbo. Lolote. Mashine italitafuta."

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeingia msikitini na viatu.

"Nikutajie wewe?"

"Neno moja tu."

"Wewe umepita jando?"

"Nimepita."

"Niimbie wimbo mmoja wa huko. Mmoja tu."

"Mama, siwezi."

"Haya basi."

Vijana, hapo ndipo mtakapoachwa na kila kitabu cha kompyuta. Vitabu vyote vinaanza na "andika neno unalolitafuta". Hakuna kinachosema ufanye nini kama neno lenyewe ni mwiko kwako. Nilimpisha kwenye kiti, nikamwonyesha kisanduku cha kutafutia, nikamwonyesha kitufe cha kubonyeza akimaliza, halafu mimi na Baba Rehema tukageukia ukutani. Ukutani palikuwa na kalenda yenye picha ya trekta. Niliisoma kalenda ile mpaka nikazijua sikukuu zote za mwaka.

"K wameificha wapi?" Mama Zuhura akauliza nyuma yetu.

"Mama, umenitajia herufi."

"Herufi si neno. Na wewe usianze kuunganisha."

Akabonyeza. Tukasubiri.

"Imesema haina."

"Si nilikwambia haioni," Baba Rehema akasema, kama mtu aliyeshinda.

Nikafanya alivyonifundisha Mzee Chilumba. Nilifungua faili jipya, nikaandika ndani yake jina la mbwa wetu wa zamani, Watajiju. Nikalihifadhi kwenye diski ile ile ambako Halima alikuwa akiweka kazi za wateja, nikalipa faili jina lingine kabisa. Halafu nikatafuta neno Watajiju. Kompyuta ikasema hakuna kilichopatikana. Nimelichapa dakika ile ile, wino haujakauka, nayo inasema hakuna.

Mama Zuhura akauliza, "Sasa umefurahi nini?"

Nilifurahi kwa sababu mtafutaji anayeshindwa kuona kitu ambacho una hakika kipo, huyo ana ugonjwa, na ugonjwa una dawa. Ubaya ni pale anapoona vingine vyote isipokuwa unachokitafuta.

Dawa ni hii, iwekeni kichwani. Kompyuta haisomi mafaili yote kila unapouliza, ingechoka. Inajitengenezea faharasa mapema, kama ile ya nyuma ya kitabu, halafu ukiuliza inatazama faharasa. Lakini ukiiacha ilivyo, inaweka kwenye faharasa zile sehemu ilizozizoea tu. Watu wetu wengi wanagawa diski, kazi za wateja wanaziweka sehemu ya pili ili mashine ikiharibika zisipotee. Ni akili nzuri. Ila sehemu ile ya pili kompyuta haikuisoma. Ukitafuta kule inasoma majina ya nje ya mafaili basi, kama mtu anayepanga barua kwa kutazama bahasha. Nenda kwenye mipangilio ya kutafuta, iambie isome na yaliyomo ndani, siyo majina peke yake. Halafu uiache ifanye kazi, usikae unaitingisha. Tulikunywa chai. Mama Zuhura hakunywa. Alikuwa anaitazama mashine kama anayemlinda mgonjwa.

Nilipotafuta tena Watajiju, akaja mara moja. Niliona kama mbwa mwenyewe amerudi.

Tukageukia kalenda. Mama Zuhura akaandika. Safari hii vitu vilitoka vingi: kadi za harusi, tangazo la mbuzi aliyepotea, muhtasari wa kikao cha wazazi. Akavipitia kimoja kimoja. "Nyimbo za mama yangu hazina muhtasari," akasema.

Nikamweleza jambo lingine, nalo ni la lugha yetu. Mara nyingi kompyuta hutafuta neno kuanzia kichwani. Ukiiandikia kipande cha katikati haikuelewi, na Kiswahili chetu kina vichwa vingi. Hata lugha zetu za huku ziko hivyo. Andika neno kamili lilivyo kwenye wimbo, nikamwambia, au mwanzo wake. Akaandika hili, akaandika lile. Kwenye kalenda nikafika mwezi wa tisa. Hakuna.

"Halima alifuta," Baba Rehema akasema.

"Halima hawezi kufuta," Mama Zuhura akamjibu. "Yule alichezwa akachezeka."

Nilitoka nje kidogo. Barabarani upepo ulikuwa unavuma ule wa Newala, unaotoka bondeni huko chini na kupanda ukingo wa mlima bila kupumzika. Niliwaza nirudi zangu Masasi. Mimi nikikwama mahali huwa nawaza mahali pengine, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwona Mama Zuhura akiiandikia mashine maneno ya mama yake kwa kidole kimoja, na nikaona nikiondoka nitayasikia yale mabonyezo mpaka Nachingwea.

Nikarudi ndani, nikamwuliza yule kibarua, kile kisanduku cha kutafutia, swali jipya. Sikumwuliza ameona nini. Nilimwuliza vyumba gani hakuingia.

Maana mtafutaji mzima kabisa, mwenye faharasa kamili, bado hawezi kusoma faili la aina mbili. La kwanza ni picha, kama za yule mwalimu wa mbaazi. La pili ni faili lililofungwa kwa paswedi. Hilo analipita kimya, hasemi kwamba amelipita. Anakwambia hakuna, na wewe unadhani amesema hakuna ndani, kumbe amesema sikuingia.

Kwa hiyo tukaacha kutafuta maneno. Niliyapanga mafaili yote ya diski ile kwa tarehe, nikamwonyesha Mama Zuhura kipindi ambacho Halima alikuwepo.

"Sasa tufungue moja moja," nikasema.

"Ufungue wewe, uone?"

"Utafungua wewe, mama. Mimi niko na trekta."

Akaanza. Alikuwa anatusomea vichwa vya habari bila kuombwa. "Barua ya kuomba kazi. Si hii. Barua ya kuomba kazi. Barua ya kuomba kazi, huyu ni yule yule, amebadilisha anwani. Kadi ya harusi. Loo! Kumbe walitaka kuoana hawa!"

"Mama, hayo ni ya wateja," Baba Rehema akasema.

"Nimesoma jina tu. Nitamwambia nani?"

Newala nzima ingejua kabla ya Ijumaa.

Tukaendelea mpaka mihogo ya kuchoma ikaletwa na ikaliwa. Halafu Mama Zuhura akaacha kusoma. Akabonyeza, akabonyeza tena.

"Hii inaniuliza kitu."

"Inauliza nini?"

"Sijui. Imetoa kijidirisha, inataka niandike. Nikiacha, haifunguki."

Nilitaka kugeuka, nikajizuia. "Faili lenyewe linaitwaje?"

"Usafi wa choo."

"Ah, hilo!" Baba Rehema akasema. "Nimeliona tangu siku niliyonunua. Nikajua ni ratiba ya shule."

"Hukulifungua?"

"Nilifungue, niambiwe zamu yangu?"

Halima alipiga simu alasiri ile, yuko juu ya kilima chake, upepo unaingia kwenye simu mpaka anasikika kama yuko ndani ya debe. Nilimsalimu, nikamweleza tulipofika. Akacheka sana.

"Mlilipata kwa jina au kwa kubahatisha?"

"Kwa kuona haliingiliki."

"Basi nililificha vizuri. Kaka, niliwaza, mwanaume gani atafungua faili la kusafisha choo? Steshenari imejaa wanaume, wanapekua kutafuta nyimbo za bongo. Hata mume wangu ukimwonyesha ufagio anasinzia."

"Naomba paswedi, dada."

Kicheko kikaisha. "Mpe simu Mama Zuhura."

"Nitaiandika mimi haraka, yeye anatafuta K mpaka—"

"Mpe simu Mama Zuhura, kaka. Na wewe toka nje. Na Baba Rehema naye."

Tukatoka. Mama Zuhura akafunga mlango, Baba Rehema akawa nje ya duka lake mwenyewe, wateja wanapita wanamwuliza kuna msiba gani. Kutoka ndani tukasikia "eeh", "eeh", "rudia", halafu mabonyezo polepole.

"Imekataa!" Mama Zuhura akasema mlangoni.

"Jaribu tena, mama."

"Imekataa tena! Halima anasema nimekosea, mimi sijakosea."

"Mama, upande wa kulia juu ya kibodi, kuna kitaa kidogo kimewaka?"

"Kipo. Kizuri, cha kijani."

"Ndicho kinachokataa. Inaandika herufi kubwa. Kushoto kuna kitufe kirefu, kibonyeze mara moja kizime, uandike upya."

Mabonyezo. Nikasikia kiti kikisogea nyuma. Sikusikia shangwe wala chochote. Baba Rehema akaniambia kwa sauti ndogo, "Imefunguka?" Nikamwambia sijui. Tulikaa pale ukutani kama watu wanaosubiri nje ya wodi ya wazazi. Baadaye tukasikia sauti ya mtu anayesoma chini kwa chini, anasoma na kurudia, na pua inavutwa.

Aliamua kwamba karatasi zitatoka, kwa sababu mashine haiwezi kupelekwa Mkunya. Alinisikiliza nikimwelekeza kutoka nje, akabonyeza, printa ikaanza. Halafu printa ikafanya ile sauti mnayoijua, ya mbuzi anayetafuna mfuko.

"Fundi!"

"Imekwama?"

"Imeitafuna! Nusu iko ndani!"

Hapo ikabidi niingie. Skrini alikuwa ameifunika kwa khanga. Karatasi zilizotoka salama alikuwa amezikalia. Akanifunga macho kwa khanga ya pili, akanishika mkono akaniongoza mpaka kwenye printa, na mimi nikafungua mlango wa nyuma wa printa kwa kupapasa. Nawaambia hivi: karatasi iliyokwama ivutwe kwa kufuata njia iliyokuwa ikienda, kwa mikono miwili, polepole, usiirudishe nyuma, itachanika na kipande kitakachobaki ndani kitakusumbua mwezi mzima. Niliitoa nzima nimefumba macho. Ninawajua mafundi wenye macho yao mawili walioshindwa.

Wino wa karatasi iliyokwama unakuwa haujashika; unatoka mkononi. Mama Zuhura aliichukua karatasi, kisha akanishika vidole akavikagua kimoja kimoja.

"Hapa kuna nusu ya neno," akasema. Akalifuta kwa mate na pindo la khanga mpaka ngozi ikauma. Ndipo akanifungua macho.

Kabla hatujaondoka alinitaka nimfundishe kubadilisha paswedi, kwa sababu ile ya Halima ilikuwa imeshatamkwa hewani, juu ya kilima, Mungu anajua nani alikuwa anapita. Akaweka ya kwake. Aliandika haraka kuliko asubuhi.

Nilimpeleka Mkunya kwa pikipiki, karatasi amezifunga kiunoni ndani ya khanga. Nilikuwa na wasiwasi ambao sikumwambia. Faili lina maneno, halina sauti. Halima alichapa alichotajiwa. Namna wimbo unavyopanda na kushuka haikuchapwa, haichapiki. Na mwenye sauti alikuwa amebaki na haya.

Nyumbani kwa Bibi Asumini walikuwepo wanawake wanasubiri. Nilimsalimu Bibi mlangoni. "Shikamoo bibi." Akanitazama vizuri, upande mmoja wa mdomo umelala. "Haya," akasema. Kisha nikaelekezwa kwenye kigoda nyuma ya banda la kuku, mbali, na ili nisisikie wakaniwekea redio mbele yangu, sauti mpaka mwisho. Kulikuwa na kipindi cha magonjwa ya kuku. Mimi na kuku tulisikiliza.

Nilikaa pale mpaka nikajua kideri kinavyoambukiza. Mama Zuhura akatoka ndani, amekuja kuchota maji kwenye pipa kwa kata. Nikapunguza redio, akaniashiria nisipunguze. Ikabidi aje aniambie karibu na sikio.

"Anaimba."

"Nani?"

"Mama. Nimemsomea mstari wa kwanza, nimeusoma tu kama barua, yeye akaushika akaumalizia. Maneno yote, fundi! Kuongea hawezi, kuimba anaweza. Ila hawezi kuanza mwenyewe. Nikisoma mwanzo, anaingia. Nikikosea, ananipiga na mkono mzima."

"Amekupiga?"

"Ameshanipiga sana." Akacheka huku ananawa uso kwa maji ya kata. "Miaka yote namwitikia, leo yeye ananiitikia mimi."

Akarudi ndani. Nikapandisha redio bila kuambiwa.

Siku ya kuwatoa wali nilikwenda. Sikuwa na kazi Newala siku ile, niliwaambia watu kwamba napita. Vumbi lilikuwa limemwagiwa maji uwanja mzima, na maji ya Newala mnajua yanavyopatikana, kwa hiyo mtaelewa watu walivyoichukulia siku ile. Wali walitoka wameng'aa mafuta na khanga mpya, macho chini. Bibi Asumini alibebwa na wajukuu juu ya kiti cha plastiki, akawekwa mbele kabisa, mkono wake mzima juu ya goti, unapiga. Mama Zuhura alisimama katikati, akavuta pumzi, akaanzisha. Umati mzima ukaitikia. Akaanzisha mwingine, na mwingine, hakutazama karatasi wala hakumtazama mama yake.

Walipopumzika nilimsogelea. Nyimbo zile za hadharani zinaimbwa mbele ya kila mtu, nikadhani sasa si vibaya kuuliza. Mtu ukishatengeneza kitu unatamani kujua ulichotengeneza.

"Hongera mama. Huo wa mwisho, ulikuwemo kwenye faili?"

Mama Zuhura akanitazama kwa upole mwingi.

"Umekula, fundi?"

"Bado."

"Kuna ming'oko kwenye lile sufuria, imeiva vizuri. Ukakae kule, upande wa wanaume."

Nikaenda kukaa upande wa wanaume.